Sindelar: Mtu wa Karatasi aliyeikacha jezi ya Hitler

APRILI 3, 1938, pale Uwanja wa Prater jijini Vienna, Austria ilicheza mechi ya kuagwa. Wiki tatu kabla, majeshi ya Adolf Hitler yalikuwa yameingia nchini humo, Austria ikafanywa mkoa wa Ujerumani, na mkoa hauna timu ya taifa. Tiketi ya Kombe la Dunia waliyokuwa wameshaikata ikawa karatasi tupu.

Mechi hiyo ilikuwa dhidi ya Ujerumani yenyewe na ilipangwa iwe sherehe ya undugu, siku saba tu kabla ya kura ya kuhalalisha muungano huo. Tatizo ni kwamba upande wa Austria alikuwepo Matthias Sindelar.

Jamaa alizaliwa Februari 10, 1903 huko Kozlov, kijiji cha Moravia ambayo leo iko Jamhuri ya Czech. Akiwa bado mdogo familia ilihamia Favoriten, mtaa wa vibarua jijini Vienna. Baba yake, fundi uashi, aliuawa vitani mwaka 1917 na mama akabaki na watoto. Kijana akajifunza kandanda mitaani.

Alikuwa mwembamba kweli kweli, ndiyo maana wakamwita Mtu wa Karatasi. Goti lilishafanyiwa upasuaji, hivyo alikwepa kugongana na mabeki. Alikuwa mshambuliaji wa kati, lakini alishuka chini kuchukua mpira, anapiga chenga, anagawa pasi. Leo makocha wanaita namba tisa wa uongo na kujifanya wameivumbua juzi.

Chini ya kocha Hugo Meisl, Austria iliitwa Timu ya Maajabu. Mei 1931 iliichapa Scotland 5-0, siku nane baadaye ikaifuata Ujerumani hadi Berlin na kuipiga 6-0. Septemba Wajerumani wakaja Vienna, wakala tano. Kombe la Dunia 1934 safari iliishia nusu fainali kwa Italia, bao 1-0. Akiwa na klabu yake, Austria Vienna, Sindelar alibeba Kombe la Mitropa 1933 na 1936.

Turudi Prater. Inasimuliwa kuwa ndiye aliyeshinikiza timu ivae nyekundu na nyeupe, rangi za bendera iliyokuwa imeshushwa. Kipindi cha kwanza alipoteza nafasi za wazi, na wengi waliamini anakosa makusudi ili kuwakejeli wageni. Kipindi cha pili akachoka na utani huo, akafunga. Karl Sesta akaongeza la pili, 2-0. Wanasema Sindelar alishangilia kwa kucheza mbele ya jukwaa la wakubwa wa Nazi.

Kocha wa Ujerumani, Sepp Herberger, alimtaka kwa Kombe la Dunia. Sindelar akagoma, akisingizia umri wa miaka 35 na majeraha. Wenzake kadhaa walikubali, na Sesta naye baadaye aliivaa jezi hiyo. Kikosi cha kuchanganya kikatolewa raundi ya kwanza na Uswisi, 4-2 katika mechi ya marudiano.

Lakini tusimpake mafuta sana. Mwaka huohuo alinunua mgahawa Favoriten ambao mwenyewe, Myahudi, alilazimishwa kuuachia kwa sheria za Wanazi. Wapo wanaosema alimlipa vizuri kuliko ambavyo wengine wangemlipa. Hata hivyo, mwenye mgahawa hakuwa na hiari ya kuuza.

Januari 23, 1939, rafiki yake alivunja mlango wa chumba na kumkuta amekufa. Mpenzi wake, Camilla Castagnola, alikuwa amezimia pembeni, naye akafia hospitali. Ilikuwa sumu ya kaboni monoksidi, na mamlaka ikasema ni ajali ya bomba la moshi. Mitaani walisema kajiua, wengine wakasema kauawa. Siku ya mazishi, maelfu kwa maelfu ya watu wa Vienna walijitokeza kumsindikiza.