JAN PURKYNĚ, MTU ALIYESOMA MACHO YAKE MWENYEWE



Mwaka jana, saa ya magharibi, mdogo wangu alikuwa anavuka barabara ya kamiyo hapa Kasumbalesa, amevaa shati nyekundu. Taa zilikuwa bado kuwashwa. Kamiyo moja ikafunga breki karibu kumgonga. Shofere akashuka anatetemeka, akaapa kama hakumwona mtoto. Sisi wote tukamwita muongo. Nilipojifunza maisha ya Jan Evangelista Purkyně, nikaona haya.

Purkyně alizaliwa mwezi wa 12 mwaka 1787 katika mji mdogo wa Libochovice, nchi ya Bohemia, ambayo leo iko ndani ya Ucheki. Baba yake alikufa wakati yeye alikuwa na miaka 6 tu. Alipofikia miaka 10 akapokelewa katika kwaya ya watawa wa Mikulov, na ile njo ilimfungulia njia ya masomo. Baadaye alifundisha watoto wa matajiri ili apate feza, kisha akasoma udaktari huko Prague.

Vyombo vya kupimia alikosa. Basi macho yake mwenyewe njo ilikuwa laboratuare yake. Alimeza hata dawa kali ya moyo ili aandike namna inavyovuruga macho. Hilo tusimwige!

Mwaka 1823 akawa profesa huko Breslau, mji unaoitwa leo Wrocław, nchi ya Poland. Mwaka 1825 akaandika jambo aliloliona alfajiri: rangi ya buluu inatokea mapema, lakini nyekundu inabaki nyeusi muda mrefu.

Sababu ilijulikana nyuma yake. Ndani ya jicho kuna chembe za namna mbili. Za kwanza ni za mwangaza mwingi, nazo zinatofautisha rangi. Za pili ni za giza: hazijui rangi, zinakamata mwangaza mdogo sana, lakini nyekundu karibu haziioni. Tukitoka juani na kuingia gizani, mboni inapanuka upesi, lakini chembe za giza zinahitaji karibu dakika 30 kurudisha dawa yao ya zambarau. Taa kali inaiharibu kwa muda mfupi tu. Dawa hiyo inatengenezwa kwa vitamini A, ambayo tunaipata mu sombe, lengalenga, embe na mawese. Mtu akiikosa sana, usiku haoni.

Huko Breslau Purkyně alipata heshima, akapata na machozi. Binti zake wawili walikufa, na mwaka 1835 mke wake Julia naye akafa, akamwachia watoto wanaume wawili wadogo. Hakuacha kazi. Mwaka 1837 alieleza seli kubwa za ubongo zinazoitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 1850 akarudi Prague, na mwaka 1853 akaanzisha gazeti la sayansi kwa lugha ya kwao, ili watu wake nao wajue. Mwana wake Karel akawa mchoraji, mtu wa rangi, akafa mwaka 1868. Baba akamfuata tarehe 28 mwezi wa 7 mwaka 1869.

Ndugu, jaribuni wenyewe. Jioni, kama tumechelewa kushusha bendera, angalieni: buluu iko wazi, mstari mwekundu umekuwa mweusi. Bendera haikubadilika, ni macho yetu.

Kwa hiyo wakati wa magharibi vaeni nguo nyeupe, msitegemee nyekundu. Na taa ya kamiyo ikikupiga usoni, simama pembeni, ngoja macho yarudi.

Yule shofere alisema kweli. Sijui iko wapi leo, lakini kama angepita tena hapa mpakani, ningemwomba musamaha.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita