DANIEL LAMBERT: BWANA JELA ALIYELEMEWA NA MWILI

Sisi wanafunzi tuna mazoea mabaya. Mwenzetu akiwa mnene kidogo tu, tayari keshabandikwa jina: bonge, tipwatipwa, na mengine ambayo Mwalimu mlezi wa chama hatakubali niyaandike hapa. Tukiulizwa sababu ya unene wake, jibu liko mdomoni: ati anakula sana. Nami nilikuwa msemaji mkuu katika mambo hayo, hadi niliposoma habari za Mwingereza mmoja, marehemu Daniel Lambert.

Lambert alizaliwa mjini Leicester tarehe 13 Machi, 1770. Wazazi wake walikuwa watu wa umbo la kawaida, lakini inasimuliwa kuwa ami yake na shangazi yake walikuwa wanene kupita kiasi. (Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.) Utotoni alipenda michezo, mbwa na kuogelea, na baadaye aliwafundisha watoto wengi wa mji huo kuogelea. Alipelekwa Birmingham kujifunza kazi ya kuchonga nakshi, kisha akarudi nyumbani kumsaidia baba yake, aliyekuwa msimamizi wa jela. Baba alipostaafu, Daniel akawa bwana jela. Sifa zake zilikuwa njema, kwani wafungwa wengi walipomaliza kifungo walimshukuru kabla ya kwenda zao.

Hapo ndipo mwili ulipoanza kumtawala. Kufikia mwaka 1793 alikuwa na kilo 203 hivi. Je, alikuwa mlafi? La hasha! Waliomfahamu walishuhudia kwamba alikula kwa kiasi na kinywaji chake kilikuwa maji matupu. Isitoshe, alitembea mwendo mrefu na kubeba mizigo iliyowashinda wengine. Kuna hata kisa kwamba dubu alimvamia mbwa wake barabarani, naye Lambert akampiga yule dubu ngumi ya kichwa hadi akaanguka. Hata hivyo, uzani ulizidi kupanda tu.

Mwaka 1805 jela ilifungwa. Akapewa malipo ya uzeeni ya pauni 50 kwa mwaka, naye hata miaka 40 hajafika. Mtu wa kilo zaidi ya 300 angeajiriwa na nani? Alijifungia nyumbani kwa haya, akichukia mno kutazamwa na kupimwa, hadi pesa zikamwishia. Basi mwaka 1806 akapiga moyo konde, akaundiwa gari la farasi la pekee, akaenda London. Akapanga nyumba mtaa wa Piccadilly, na kila aliyetaka kumwona akalipa shilingi moja. Siku nyingine walifika watu wapatao 400!

Lakini msidhani alikubali kufanywa kikaragosi. Aliyeingia kwake alitakiwa kuwa na adabu kama mgeni katika nyumba ya mtu. Bwana mmoja aliyekataa kuvua kofia alilazimishwa kuivua kwa heshima ya akina mama waliokuwemo. Mwingine aliyemsumbua kwa kutaka kujua bei ya koti lake aliambiwa kwamba njia rahisi ya kuijua ni kumnunulia jingine. Mimi hapo nilicheka peke yangu maktabani, karibu nifukuzwe.

Mwezi wa Juni 1809 alifika mji wa Stamford wakati wa mashindano ya farasi, akalala katika chumba cha chini cha nyumba ya wageni. Asubuhi ya tarehe 21, akijiandaa kunyoa ndevu, alilalamika kuwa pumzi inamtatiza. Baada ya dakika chache tu akaaga dunia, akiwa na miaka 39. Alikuwa na kilo 335. Ilibidi dirisha na ukuta vibomolewe ndipo jeneza litoke. Jeneza lenyewe lilitiwa magurudumu manne, na wanaume 20 walihangaika karibu nusu saa kulishusha kaburini.

Hakuna daktari aliyeufanyia mwili wake uchunguzi. Siku hizi madaktari huanza na hesabu: gawanya kilo kwa urefu wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Kipimo kikifika 40, huo ni unene wa hatari. Lambert alikuwa na urefu wa mita 1.80. Fanyeni wenyewe, mtapata 103!

Kumbe mambo ya ami na shangazi si upuuzi. Wataalamu wamegundua kwamba unene hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1994 iligunduliwa homoni iitwayo leptini, ambayo mafuta ya mwili huitumia kuuarifu ubongo kwamba akiba inatosha. Habari hiyo isipofika, mwili hujiwekea akiba kana kwamba kuna njaa.

Tiba nayo ilichelewa mno. Mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, alianza kupunguza mfuko wa tumbo kwa upasuaji na kuuunganisha na utumbo. Je, upasuaji wa namna hiyo huokoa maisha au hupunguza kiuno tu? Wasweden waliwafuatilia watu 2010 waliopasuliwa na wengine 2037 wanene vilevile ambao hawakupasuliwa. Matokeo yakatolewa mwaka 2007: baada ya miaka 11 hivi, walikuwa wamekufa 101 katika kundi la kwanza na 129 katika la pili. Watano kati ya wale 101 walikufa ndani ya siku 90 za upasuaji, kwa hiyo si jambo la mchezo. Waliofanyiwa upasuaji wa aina ya Mason walikuwa wamepungua robo ya uzani wao baada ya miaka kumi. Kwa hesabu yangu, Lambert angebaki na kilo 250, bado mnene wa kutisha, ila pengine angeiona miaka hamsini.

Kaburi lake lingalipo Stamford. Jiwe lilisimamishwa na marafiki zake wa Leicester. Wameandika unene wa mguu, mzunguko wa kiwiliwili na uzani wake, lakini kabla ya vipimo hivyo vyote wametangulia kutaja moyo wake bora na uchangamfu wake.