Sir Louis Mbanefo: Jaji Aliyerudi Mezani

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani ambaye maisha yake yamenifunza jambo. Nimemchagua Sir Louis Mbanefo wa Nigeria. Wale wa darasa langu hawatashangaa, maana ndiye aliyenigombanisha na rafiki yangu wa bweni mwaka 1968.

Mbanefo alizaliwa Onitsha, kando ya mto Niger, mwaka 1911. Alisoma King's College ya Lagos, kisha akaenda Uingereza kusomea sheria. Alikuwa Mwigbo wa kwanza kuwa mwanasheria, na mwaka 1959 akawa Jaji Mkuu wa Jimbo la Mashariki. Alikuwa pia Mwanglikana hodari, aliyeishauri Dayosisi yake katika mambo ya sheria.

Ethiopia na Liberia ziliposhitaki Afrika Kusini huko The Hague kwa dhuluma zake katika nchi ambayo leo ni Namibia, zilimteua yeye awe jaji wa upande wao. Mwaka 1966 majaji waligawanyika saba kwa saba, na kura ya pili ya Rais wa Mahakama ikaitupa kesi. Mbanefo aliandika hukumu yake ya kupinga, akarudi nyumbani.

Mwaka huohuo maelfu ya Waigbo waliuawa Kaskazini mwa Nigeria. Mei 1967 Mashariki ikajitangaza kuwa nchi ya Biafra, na Julai vita vikaanza. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Hapo ndipo tulipofanya ule mdahalo shuleni. Mimi niliunga mkono; mwenzangu akapinga, kwa hofu kwamba Afrika nzima itamegeka vipande vipande.

Mwezi uliofuata Mbanefo aliongoza ujumbe wa Biafra kwenye mazungumzo ya Kampala. Biafra ilitaka mapigano yasimame kwanza. Serikali ya Nigeria ilitaka Biafra iache kwanza kujitenga. Mazungumzo yakavunjika, Mbanefo akaondoka. Mimi nilishangilia bweni zima likanisikia. Mwenzangu akahamisha kitanda chake, na hatukusemezana tena mpaka tukamaliza shule.

Sikujua nilichokuwa nikishangilia. Vita viliendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Waliokufa wanakisiwa kuzidi milioni moja, wengi wao kwa njaa, na wengi wa hao ni watoto.

Januari 1970 Ojukwu, kiongozi wa Biafra, aliondoka nchini. Waliobaki walihitaji mtu wa kwenda kwa washindi, wakamtuma Mbanefo. Tarehe 15 Januari alikuwa Lagos pamoja na Philip Effiong, wakakubali kwamba Biafra imekwisha. Kampala alikuwa na masharti. Lagos alikwenda mikono mitupu, akijua sheria inavyosema juu ya uhaini. Lakini watu wake walikuwa wakifa, akaenda.

Gowon alitangaza kwamba vita hivyo havikuwa na mshindi wala mshindwa, na hakuna aliyepandishwa kizimbani kwa kosa la kujitenga. Hata hivyo haki haikutimia. Wenye akiba benki walilipwa paundi 20 tu, hata kama waliweka maelfu, na wengi walipoteza nyumba zao Port Harcourt. Mbanefo alifariki mwaka 1977 bila kuyaona hayo yakinyooka, wala uhuru wa Namibia, uliokuja 1990.

Mpaka leo naamini hoja yake ilikuwa na haki ndani yake. Ila zamani nilimsifu kwa kuondoka mezani. Sasa namheshimu zaidi kwa kurudi.

Kwenye mkutano wetu uliopita nilimwona yule mwenzangu, amekaa pembeni na fimbo yake. Nilibeba kiti changu nikaenda kukaa naye. Mdahalo hatukuumaliza, lakini tulikula sahani moja. Kama yupo miongoni mwetu mwenye deni la namna hiyo, asingoje mkutano mwingine. Tunazidi kupungua.