Okot p'Bitek na Nusu Mbili za Duara

Wachina wa kale walichora duara lenye nusu nyeusi na nusu nyeupe, na ndani ya kila nusu wakatia doa la rangi ya mwenzake. Kila niionapo alama hiyo humkumbuka marehemu Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi ambaye Kisumu ilimpa hifadhi kwao kulipomkataa.

Alizaliwa Gulu, Uganda, mwaka 1931. Babaye alikuwa mwalimu Mkristo; mamaye, mwimbaji aliyesifika. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya soka ya Uganda, akabaki kusomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha mila za jamii Oxford. Mwaka 1966 ukachapishwa Nairobi utenzi wake wa Lawino, mke asiyesoma amlaumuye mumewe msomi, Ocol, kwa kudharau asili yake. Baada ya kuikosoa serikali akiwa Zambia, Okot akapoteza kazi ya kuongoza jumba la michezo ya kuigiza la taifa, Kampala.

Ndipo akaja Kisumu, kuendesha elimu ya watu wazima kwa niaba ya chuo cha Nairobi. Ufukoni mwa ziwa hili hakuwa mgeni kamili, kwani Kiacholi na Kijaluo ni ndugu. Mwaka 1968 aliandaa hapa tamasha la sanaa, naye msomi wa Oxford akawatukuza wapiga ngoma.

Wako wanaomtumia Lawino kama rungu la kuwapigia waliosoma. Siafikiani nao hata kidogo. Lawino mwenyewe hawakatazi wageni mila zao. Na wivu alio nao juu ya Klementina, hawara wa mumewe, hauna utakatifu wowote. Ocol naye, katika jibu lake la mwaka 1970, aapa kuteketeza ya kale, ilhali anapoyaeleza, naona maneno yake yanapendeza kuliko hoja zake. Utenzi wake ni mfupi, wenye hasira, na wengi hawausomi. Hasara ni yao, maana humpata Okot nusu.

Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, Okot alirejea Uganda. Alifariki Julai 1982 akifundisha Makerere, umri wake miaka 51. Mwaka 1984 tenzi za Lawino na Ocol zilitolewa London, mke na mume katika jalada moja.