Shaaban Robert: Karani wa serikali aliyeandika baada ya saa za kazi

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe, mtunzi wa Kiswahili ni nadra kuwa na kazi moja. Asubuhi yumo katika foleni ya maji, mchana yupo dukani au darasani, na jioni anafanya mazoezi ya muziki au ya tamthilia kwa ajili ya Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa kambini humo mwaka 2014. Riwaya aliyoianza siku nyingi inamngoja.

Swali la lini ataandika si geni katika fasihi ya Kiswahili. Lilimkabili pia Shaaban Robert, mtunzi ambaye jina lake hutajwa mbele ya wengine wote, na ambaye kwa sehemu kubwa ya umri wake alikuwa karani.

Mtumishi wa idara nne

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika katika Idara ya Forodha. Kutoka huko alihamishiwa idara ya wanyamapori, baadaye ofisi ya Wilaya ya Tanga, na mwisho Idara ya Upimaji Ardhi. Utumishi huo ulichukua zaidi ya miaka 30.

Kazi ya karani haikumwachia nafasi ya kujichagulia makazi. Alipotakiwa kwenda Pangani au Mpwapwa, alikwenda, na maandishi yake yakasafiri pamoja naye. Nyumbani nako kulikuwa na mizigo yake. Alifiwa na mkewe Amina, akabaki na malezi ya watoto mikononi mwake.

Hata hivyo, malezi hayo hayakuizima kalamu. Alitunga tenzi mbili za maadili, Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe, na zote mbili zikaingia katika kitabu chake cha Maisha Yangu. Wosia ambao mzazi yeyote angeutoa kwa mdomo, yeye aliupa vina na mizani, na kwa njia hiyo saa za baba zikawa pia saa za mtunzi.

Beti chache kila siku

Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vikiendelea, Shaaban Robert alianza kuvisimulia kwa ushairi. Matokeo yake ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye takribani beti 3,000. Idadi hiyo humtisha msomaji, lakini hesabu yake ni nyepesi. Beti hizo zikigawanywa kwa siku zote za vita, toka mwaka 1939 hadi 1945, hazifiki mbili kwa siku. Ubeti wa utenzi una mistari minne, na kila mstari una mizani minane. Mtu aliyetoka ofisini amechoka anaweza kuukamilisha mmoja kabla taa haijazimwa, na kesho yake akauendeleza uzi pale alipouachia.

Wala hakuandika kitabu kimoja hadi mwisho ndipo ashike kingine. Maisha Yangu ilichapishwa mwaka 1949, Kusadikika mwaka 1951, kisha Adili na Nduguze pamoja na tafsiri yake ya mashairi ya Omar Khayyam zikatoka mwaka 1952. Hizo ni kazi nne zilizotoka katika muda wa miaka minne: tawasifu, riwaya mbili na tafsiri, na mwandishi wake alikuwa angali mwajiriwa. Katika kipindi hichohicho alikusanya habari za mwimbaji Siti binti Saad wa Zanzibar, akaandika wasifu wake. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, na barua hizo baadaye zikawa kitabu.

Deni la muda

Nidhamu hiyo haikumpa kila alichostahili. Kufikirika, aliyoiandika mwaka 1946, ilichapishwa mwaka 1967, na utenzi wake mrefu wa vita ukatoka mwaka huohuo. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilifuata mwaka 1968. Mwandishi hakuziona. Alifariki dunia mwezi Juni 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, akiwa na umri wa miaka 53. Vitabu hivyo vilitufikia kwa sababu aliacha miswada iliyokamilika. Kitabu kilichobaki kichwani mwa mtunzi kisingepata mchapishaji baada ya mazishi.

Hapo ndipo maisha yake yanapowagusa Waswahili wa Dzaleka na Lilongwe. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee Dzaleka, na waliokuwa na maduka na makazi mjini wakalazimika kuanza upya. Uhamisho wa karani mwenye mshahara haulingani na msukosuko huo, wala si haki kumwambia aliyepoteza duka kwamba angeandika tu. Lakini daftari huingia katika mfuko mdogo, na ubeti mmoja hauhitaji meza. Shaaban Robert hakungoja maisha yatulie ndipo atunge. Angengoja, utumishi wake ungekwisha mwaka 1960, na angebakiwa na miaka miwili tu ya kuandika yote aliyoyaandika.