James Dean na Swali la Vijana

Safari hii nataka kuwaelezeni maisha ya James Dean, mchezaji wa sinema wa Marekani aliyefariki kabla ya baba zetu wengi kuzaliwa.

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1931, katika mji wa Marion, jimbo la Indiana. Angali mdogo, wazazi wake walihamia California. Mwaka 1940 mama yake alikufa kwa saratani, naye mtoto alikuwa na umri wa miaka tisa tu. Baba yake akampeleka Indiana kwa shangazi yake na mumewe, waliokuwa wakulima huko Fairmount. Mtoto alisafiri katika gari moshi lile lile lililochukua maiti ya mama yake. Huko alifanya kazi za shamba, akacheza mpira wa kikapu na kuigiza, akamaliza shule ya sekondari mwaka 1949.

Baadaye alirudi California kwa baba yake. Baba alitaka mwanawe asome sheria. Mwana alitaka kuigiza. Basi akaacha masomo, na mwaka 1951 akaenda New York. Alipata tabu ya fedha, lakini hakukata tamaa. Mwishowe alipewa sehemu kubwa katika sinema tatu: East of Eden na Rebel Without a Cause za mwaka 1955, na Giant ya mwaka 1956.

Ile ya pili ndiyo iliyomfanya mfano wa vijana. Humo yeye ni Jim, mwanafunzi mgeni mjini. Wenzake wanamwita mwoga, naye anakubali kushindana nao kwa motokaa za wizi kuelekea kwenye genge. Mwenzake mmoja anatumbukia na kufa. Jim anarudi nyumbani, anataka kwenda polisi kusema kweli. Wazazi wake wanamkataza. Anamwomba baba yake asimame upande wake, na baba anashindwa kusema neno.

Yeye mwenyewe hakuiona sinema hiyo ikionyeshwa kwa watu. Tarehe 30 Septemba 1955 alikuwa akiendesha motokaa yake ya mashindano kwenda Salinas. Mchana polisi walimwandikia kosa la kwenda mbio. Jioni, karibu na Cholame, aligongana na motokaa nyingine, akafa, umri wake miaka 24. Na siku si nyingi kabla ya hapo alikuwa amepigwa picha fupi ya kuwaonya vijana wasiendeshe ovyo.

Wako wenzangu wasemao kwamba sinema hiyo imepitwa na wakati. Husema kwamba vijana wale walikuwa na nyumba nzuri na motokaa, nasi twatafuta karo; basi huzuni yao yatuhusu nini? Neno lao lina ukweli. Mavazi yale ni ya zamani, na wengi wetu hatuna motokaa hata ya kuazima.

Lakini mimi naona kwamba wanatazama nguo, hawatazami mtu. Jim haombi mali. Anauliza afanye nini akitaka kuwa mkweli, na nyumba nzima inamjibu kwamba anyamaze. Swali hilo halikuzikwa pamoja na James Dean. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, lakini mkuu akikosa la kusema, kijana atasikia nini? Atasikia la wenzake, nao watampeleka gengeni.

Kwa hiyo nasi wanafunzi tujifunze kwamba kuitwa mwoga hakuui, bali mbio huua. Maisha ya mchezaji mwenyewe ni ushahidi. Nanyi ndugu mliomaliza hapa zamani, ambao sasa ni wazazi, nawaombeni itazameni sinema hii pamoja na watoto wenu. Ikiisha, msiondoke upesi. Kaeni kidogo, mwasikilize.