Grogan, mlowezi aliyeleta trauti, na suala la chambo

Wavuvi wanaopanda kutoka Embu na Chogoria kuelekea misitu ya Mlima Kenya hukutana majini na samaki ambaye mababu wa eneo hilo hawakumjua. Trauti hakuzaliwa Rupingazi, Thuchi wala Kathita. Aliletwa nchini mwaka wa 1905, akiwa yai, kwa gharama na ukaidi wa mtu mmoja: Ewart Scott Grogan.

Grogan alizaliwa Uingereza mwaka wa 1874. Akiwa kijana alimpenda Gertrude Watt, na ili baba wa kambo wa binti huyo amwone kuwa mwanamume wa kutegemewa, alivuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu. Alifika mwaka wa 1900, nao wakaoana mwaka huo huo. Mnamo 1904 alihamia nchi ambayo sasa ni Kenya akitafuta mbao, ardhi na utajiri. Alivipata vyote.

Trauti ilikuwa hamu ya mlowezi aliyekumbuka mito ya kwao. Mayai yalitolewa Loch Leven, Scotland, yakavushwa bahari hadi Mombasa, yakapakiwa garimoshini, kisha wapagazi wakayabeba hadi Mto Gura katika milima ya Aberdare. Masimulizi humtaja Grogan. Shingo zilizobeba mzigo huo hazitajwi. Miaka michache baadaye trauti wa aina nyingine, mwenye mstari mwekundu ubavuni, aliletwa kutoka Afrika Kusini, na hatimaye samaki hao wakapandwa katika mito ya Mlima Kenya.

Pamoja na samaki zilikuja kanuni. Trauti alivuliwa kwa leseni, na katika mito mingi chambo kilichoruhusiwa ni kile cha bandia tu: ndoana ndogo iliyofungwa uzi na manyoya ya ndege ili ifanane na mdudu. Wazee wengi wa Embu na Meru hawakuwa na desturi ya kula samaki, lakini mtoto aliyeingiza mnyoo mtoni alijikuta mhalifu katika mto wa nyumbani kwao.

Tukiiweka dhuluma hiyo kando, chambo cha manyoya kina hekima yake. Trauti huishi katika maji baridi na maangavu, naye huona vizuri mno. Mvuvi mwerevu hugeuza kwanza mawe ya kingoni, akatazama wadudu waliojibanza chini yake, kisha akachagua chambo chenye ukubwa na rangi ya wadudu hao. Maji yakiwa maangavu na jua likiwaka, chambo kidogo chenye rangi ya giza hufaa. Mvua ikitibua mto, kikubwa kinachoonekana kwa urahisi ndicho bora. Hesabu hiyo haifai kitu ukiteremka hadi bwawa la Masinga, ambako maji ni vuguvugu. Huko kambare hutafuta kwa harufu na kwa sharubu zake, hivyo mnyoo au matumbo ya kuku humvuta kuliko unyoya wowote, na tonge la ugali lililokandwa vyema humtosha kapu.

Jina la Grogan lina doa lisilofutika. Mnamo Machi 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu mbele ya mahakama ya Nairobi kwa madai kwamba waliwakosea heshima wanawake wa Kizungu. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, adhabu nyepesi kwa kipimo chochote. Hata hivyo aliendelea kupanda ngazi: aliketi katika baraza la kutunga sheria na kujijengea makao ya kifahari huko Taveta. Gertrude alifariki mwaka wa 1943, na kwa kumbukumbu yake mumewe akatoa ardhi ambapo hospitali ya watoto ya Gertrude's ilianzishwa Nairobi mwaka wa 1947.

Grogan alifariki Afrika Kusini mwaka wa 1967, akiwa na umri wa miaka 92. Trauti bado wanaogelea mlimani, na katika ziwa la Rutundu, upande wa Meru, hata Mwanamfalme William wa Uingereza alifika mwaka wa 2010. Vyambo vya manyoya navyo sasa hufungwa na mafundi wa Kenya, ambao huviuza hadi Ulaya na Marekani.